Nilitembea Uskoti peke yangu, ila ziwa la kwetu sina njia ya kulifikia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Bukavu, kando ya ziwa Kivu, nafundisha jiografia sekondari mwaka wa kumi na tisa huu, na si mtu wa kuandika barua kila saa. Ila ile barua ya kijana wa Goma mliyoitoa juzi juzi imenikaa kooni. Alisema eti kutembea bila sababu ni kazi ya wazungu, mtu mweusi akitoka nyumbani anaenda soko, anaenda kanisa, anaenda kilio, ama anakimbia vita, na mwanamke ukimwona anatembea peke yake basi kuna kitu anatafuta. Kwanza nilicheka, maana kaukweli kadogo kapo. Kisha nikakasirika, sababu mimi ni mwanamke, nimetembea peke yangu, tena bila sababu, tena Ulaya, tena kwenye baridi, na hakuna mtu niliyekuwa namtafuta.

Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka 2022. Mdogo wangu anaishi Glasgow, anatunza wazee kazi ya usiku, akanialika. Habari ya viza siielezi, anayejua anajua na asiyejua Mungu amuepushe nayo. Nikavuka mto Ruzizi, bisi mpaka Kigali, ndege, nikafika. Siku ya tatu nikaelewa kwamba aliyenialika analala mchana kutwa na usiku yuko kazini, mimi nabaki kuangaliana na televizyo. Nikamwambia natoka, natembea. Akafungua jicho moja, na “yaya” kwetu ni dada mkubwa: “Yaya, unaenda fasi gani? Kwa nani?” Nikasema siendi kwa mtu. “Sasa unaenda kufanya nini?” Kijana wa Goma unaona, swali lako limevuka bahari na linakaa Glasgow kabisa, na kodi linalipa.

Nilianza pa karibu. Blantyre haifiki hata nusu saa kwa treni, ndipo alipozaliwa Livingstone, yule mmisionari, mwaka 1813, na mtu niliyemfundisha miaka yote hiyo nikasema acha nione kwao. Kumbe familia nzima ilikaa chumba kimoja kwenye jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na yeye alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 10. Nikasema moyoni, hii ni Kadutu yetu ya hapa Bukavu tu, tofauti ni mawe. Lakini kilichonigusa zaidi ni kingine. Huyu tunamjua kama mzungu aliyeitembea Afrika, sawa, na alitembea na nani? Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kwetu Maniema, kando ya Lualaba, akaona kwa macho yake watu wanapigwa risasi sokoni. Alipofariki mwaka 1873, kule panapoitwa Zambia leo, Chuma na Susi, wasaidizi wake Waafrika, na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, karibu miezi tisa. Hao walikuwa wazungu? Na leo asubuhi, kabla kijana wetu hajaamka, kuna mama ameshuka kutoka Kabare na gunia la makaa mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kutembea tunajua, bwana. Tatizo liko pengine, nitafika, nivumilie.

Sasa siku iliyonifanya niandike. Nilipanda treni mpaka Balloch, halafu bisi mpaka Balmaha, kakijiji kadogo kando ya Loch Lomond, na “loch” ni ziwa kwa lugha yao ya zamani. Nyuma ya kijiji kuna kilima wanakiita Conic Hill, mita 361, kwa mtu anayepanda na kushuka Bukavu kila siku hicho ni kilima cha kuchekea, ndivyo nilivyodhani, ila upepo wa kule unakusukuma kifuani kama mtu mwenye deni lako na matope yananyonya kiatu, nilifika juu nahema kama mgonjwa. Mwezi wa kumi kule ni majani kupukutika. Si kama kiangazi chetu ambapo kila kitu kinapauka na kuwa vumbi, hapana, mti unajua kwamba unaenda kulala na unavaa nguo nzuri kwanza. Miti ya ganda jeupe inadondosha vijani vya manjano vidogo vidogo kama sarafu zetu za zamani, makuta, yale magugu yenye majani ya manyoya kama ya msitu wetu wa Kahuzi yamekuwa rangi ya kutu kilima kizima, na kuna kamti kengine kamebaki bila jani hata moja lakini kamejaa matunda mekundu. Hewa inanuka maji na udongo. Kiangazi kuna vijidudu vinauma watu kule hadi wanavaa vyandarua kichwani, mwezi wa kumi vimekwisha.

Ukikaa juu pale unaona visiwa vya ziwa vimejipanga mstari mmoja, na mstari huo unaendelea mpaka chini ya miguu yako. Ndio ufa wenyewe, ufa wa ardhi unaotenga milima ya kaskazini na nchi tambarare ya kusini. Ndugu Mhariri, miaka kumi na tisa nachora ufa kwa chaki, wetu huu uliozaa Kivu na Tanganyika, na siku ile nilikaa juu ya ufa wa watu wengine nikala mkate na yai. Kama huyo kijana anataka sababu, basi hiyo hapo.

Kushuka nikapotea. Niliacha njia kidogo nipige foto, nikafuata ukuta wa mawe, nikafungua geti, nikajikuta katikati ya kondoo, na kondoo wananiangalia kama walimu kwenye mkutano. Halafu nikasikia mashine. Mzee mmoja kwenye pikipiki ya magurudumu manne, mbwa nyuma, anakuja moja kwa moja kwangu. Mwili wangu ukafanya kazi bila kuniuliza: mkono ukaingia kwenye saki, ukatoa paspoti. Maana kwetu mwanaume akikusimamisha kwenye shamba lake, ama hata barabarani, unatoa karte ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu, kwanza ndio maneno yaanze, na ukiwa na bahati yanaishia kwenye “mama, tuachie ya maji”. Yule mzee akaiangalia ile paspoti ya Kongo kama mtu uliyempa kuku hai katikati ya misa. Hakuishika. Kiingereza chao kinatoka mahali pengine kooni na changu ni cha ubaoni, nilishika nusu tu: kwamba chini kule kuna matope hadi magoti, afadhali nifuate ukuta upande wa kulia, na geti nilifunge, kondoo wasitoke. Basi. Hakuuliza jina, hakuuliza nimetumwa na nani, hakuuliza kwa nini mwanamke mzima yuko peke yake mlimani na mvua inakuja. Akaondoka na mbwa wake.

Nilibaki nimesimama na paspoti mkononi. Ni kitu kidogo sana, najua. Lakini nilijisikia kama mtu aliyevuliwa mzigo asiojua kama anaubeba.

Jioni nikamsimulia mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini, akasema Yaya kule ni sheria. Na kweli nimesoma baadaye, ni sheria ya ardhi ya mwaka 2003, haki hiyo ikaanza kutumika 2005: mtu yeyote, hata mgeni, anaruhusiwa kupita kwa miguu karibu ardhi yote ya Uskoti na maji yake, hata kama ina mwenyewe, mradi asiharibu. Huingii kwenye nyumba ya mtu wala bustani yake, hukanyagi mazao, geti ulilokuta limefungwa unalifunga, mbwa wako unamshika. Na wenyewe wanasema desturi ilikuwepo kabla ya karatasi.

Baada ya hapo sikukaa tena nyumbani. Treni ya kwenda Fort William inatoka Queen Street hapo Glasgow, na lazima uangalie umekaa behewa gani, maana ikifika Crianlarich inakatwa vipande viwili, kimoja kinaenda Oban na kingine kaskazini. Niliuliza mara tatu, kwa watu watatu. Njia ile inapita Rannoch, uwanda wa kinamasi usio na nyumba wala mti, na waliojenga reli kabla ya 1894 walishindwa kupata chini pagumu wakatandika mizizi na matawi na udongo na majivu, reli ikaelea juu yake mpaka leo. Udongo ule ni mweusi, ni majani yaliyooza ndani ya maji miaka elfu na elfu, huo huo ambao wanasayansi waliupima kwetu kwenye misitu ya kati ya Kongo wakatoa habari mwaka 2017 dunia ikashangaa. Kuna gare moja, yaani stesheni, Corrour, mita 408, barabara ya umma haifiki, ni treni ama miguu yako. Dirishani niliona kundi la kulungu wao, dume mmoja ana pembe kama matawi makavu, shingo ameinua, mwezi huo ndio madume wananguruma usiku kucha juu ya majike. Behewa zima watu wakageukia upande mmoja na hakuna aliyesema neno.

Fort William kuna Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, mita 1,345. Naomba msomaji wa Bukavu arudie kusoma hiyo namba. Ziwa letu Kivu, maji yenyewe, yako mita kama 1,460. Yaani mtu akipanda mlima wao mpaka kileleni, akasimama na bendera, bado yuko chini ya mama anayefua nguo ziwani kwetu. Niliwaambia hiyo wenzangu wa hosteli wakadhani natania. Lakini kicheko kikanirudia, maana juu pale kulikuwa na theluji tayari, na mimi na koti langu la kununua sokoni nilitazama nikiwa chini.

Hosteli nayo nieleze. Jiko moja, watu sita, sufuria sita. Kila mtu anachemsha makaroni yake, anakula na telefoni yake, anaosha kijiko chake. Sijui niseme ni ubaya au ni nini, ila usiku ule ndio nilisikia upweke kweli kweli, si mlimani, mlimani nilikuwa na watu wengi kichwani. Nikapika mchele wa kikombe kikubwa, si nilizoea kupikia watu nane, nikawaita. Wawili wakaja. Mmoja akaniuliza anilipe bei gani.

Na saa. Kutembea peke yako huna mtu wa kukuambia kwamba jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi wanarudisha saa nyuma, nchi nzima, usiku mmoja. Telefoni ilikuwa imezimika, nilifuata saa yangu ya mkono nikaenda kungoja bisi ya Inverness nikiwa nimewahi saa nzima, kwenye baridi ya kuuma meno, najiuliza kwa nini mji mzima umekufa. Jana yake giza liliingia karibu saa kumi na mbili kama kwetu, siku ile karibu saa kumi na moja jioni giza likaingia. Saa ya Kiswahili kule inakufa kabisa, maana sisi tunahesabu kuanzia jua, na jua lao linaingia kazini na kutoka linavyotaka. Kwa hiyo anayetaka kwenda peke yake mwezi huo achukue tochi, na kilima amalize mapema.

Loch Ness nilipita kwa bisi, urefu wake kilomita 37 na kina kinafika mita 230, wameuzia dunia mnyama ambaye hajaonekana tangu waanze kumtangaza mwaka 1933, na duka kila kona. Letu lina kina zaidi ya mara mbili na ndani yake kuna gazi kweli, ya kuwasha umeme na ya kuua pia, na hatujauza hata kofia. Inverness nililala tu. Edinburgh ni nzuri, siikatai, ngome yao imekaa juu ya volkano iliyokufa zamani na katikati ya mji kuna nyingine, Arthur's Seat, mita 251, watoto wanaipanda baada ya shule, watu wa Goma wangelia, maana volkano yao wao haijafa na ndiyo inayoshuka kuwatembelea, 1977, 2002, 2021.

Nisije nikaonekana nimelewa Ulaya. Waliokaza macho kwenye treni walikuwepo. Mvua yao haina adabu, haipigi ikaisha kama ya kwetu, inakaa hewani siku nne kama mgeni asiyeaga. Na ile milima mitupu inayopendeza kwenye foto, kuna fasi unakuta kuta za mawe bila paa, nyumba za watu, sababu miaka ya 1700 na 1800 wenye ardhi waliwafukuza wakulima ili kondoo wapate fasi. Hiyo habari haihitaji tafsiri kwa mtu wa Kivu, waulizeni Watwa waliotolewa msitu wa Kahuzi-Biega. Mpaka leo sehemu kubwa ya ardhi ya Uskoti ina wenyewe wachache. Ila hata huyo mwenye mlima mzima hawezi kuniambia nisipite.

Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Niliporudi, pesa za Uskoti zilizobaki nikampelekea kambisti, mbadilisha pesa, akazigeuza akasema mama hizi feki, hazina Malkia. Kweli kule mabenki matatu yanachapa noti zao wenyewe, lakini nani atamwambia, mji huu dola ikichanika kidogo tu pembeni inakuwa karatasi. Haya. Baada ya likizo nikachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa tano, thelathini na wawili, twende ziwani. Nilitaka waone mawe ya volkano kwenye ukingo, wapime joto la maji, kitu cha saa mbili. Kutoka shuleni ziwa tunaliona. Tunaliona kila siku, kila dirisha. Tukashuka avenyu ya kwanza, inaishia kwenye geti jeusi, sentinele, mlinzi wa geti, akasema mwalimu, bosi hayuko. Ya pili inaishia kwenye ukuta. Ya tatu naijua tangu niko mtoto, tulikuwa tunapita hapo kuteka maji na kuoga jumamosi, kulikuwa na mti wa parachichi na mawe ya kufulia, sasa ni ghorofa la vioo na mbwa wawili. Ya nne kijana mmoja alitaka elfu moja kwa kila mtoto. Mwishoni tuligusa maji pale boti zinapopakia mizigo, katikati ya chupa za plastiki na mafuta, na mtoto mmoja wa kike, mpole sana darasani, akaniuliza: “Mwalimu, sasa hili ziwa ni la nani?”

Sheria yetu ya tarehe 20 julai 1973 inasema udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali, wewe unapewa tu karatasi ya kuutumia. Nikamjibu hivyo. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi.

Kwa hiyo kijana wa Goma asiseme hatupendi kutembea. Mtu atembee wapi? Kila njia inaishia kwenye geti la mtu, na kila geti lina mtu wa kukuuliza unaenda kwa nani, mwishowe hata wewe mwenyewe unaanza kujiuliza. Sisemi watu wapite kwenye parseli, viwanja, za wenzao kama Uskoti, hapa parseli ni ndogo, wezi ni wengi, na yule sentinele ana watoto, akifungua geti kazi imekwisha. Nasema njia tu. Mita mbili kati ya ukuta na ukuta, kila mtaa moja, inayoshuka mpaka kwenye maji, na isiyeyuke kila anapokuja mtu mwenye pesa na fundi mwashi. Nyingine bado zipo kwenye ramani za zamani za mji, wazee wanazikumbuka kwa majina.

Na kwa ninyi wa gazeti, ombi langu ni dogo. Tumeni mwandishi mmoja na mpiga foto tutembee naye kwa miguu kutoka Nguba, tuzunguke ukingo, tuhesabu ni njia ngapi zimebaki na ni ngapi zimezibwa. Wanafunzi wangu wameshachora karatasi ya kujaza, wana kamba ya kupimia na jumamosi wako huru kuanzia saa mbili asubuhi. Yule wa swali ndiye atakayeshika daftari. Mje na viatu vya matope.

Mwalimu wa jiografia,
Bukavu